Mama Pumzi: Nilizibua pua za watoto, kumbe nabeba mafua yao

Kengele ya kiwanda cha nguo haijalia bado, lakini mama aliyesimama mlangoni mwa chumba cha wachanga anaitazama saa ya ukutani kama inamdai. Mkoba umemning'inia kiwikoni, mtoto yuko begani. Mtoto anakoroma kama mtu mzima aliyelala chali. Pua imeziba.

"Mama Pumzi, nakuomba. Tangu jana hajanyonya vizuri. Anashika ziwa anaachia, anashika anaachia. Mvute mara moja tu."

Mwanamke mwenye aproni ya bluu anampokea mtoto. Anamlaza mapajani, kichwa kikielekea magotini. Uso wake unashuka polepole kuelekea uso wa mtoto, midomo imeshaanza kujikunja. Halafu anasita hapo hapo, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma.

Anainua kichwa. "Sivuti tena, mwanangu."

"Hakuna anayetuona."

"Naona mimi."

Mama anasonya. Mama Pumzi anachukua chupa ndogo ya maji ya chumvi, anadondosha tone moja kila tundu la pua, anasubiri. Kisha anatungua ukutani kipampu cha mpira, kidogo kama limau, kilichofungwa uzi wa kijani. Anakibinya kwanza, ndipo anaingiza ncha na kukiachia taratibu.

Kinafyonza. Mtoto anapiga ukelele wa hasira, uso unakuwa mwekundu, miguu inarusha teke hewani.

"Kaa hapo kwenye benchi umnyonyeshe," anasema. "Kengele ikilia, mimi nitamalizia kumbembeleza."

Mama anakaa. Mtoto anashika ziwa na haachii tena. Mama anamtazama, anaitazama saa, anamtazama tena. Hasemi asante. Lakini anapoondoka mbio kuelekea kwenye cherehani yake, anageuka mlangoni na kusema, "Baadaye, bibi."

Ukutani kuna misumari mingi, na kila msumari una kipampu chake. Nyuzi za rangi, zilizookotwa kwenye sakafu ya kiwanda, zinaonyesha kipi ni cha nani. Hakuna mtoto anayetumia cha mwenzake.

Misumari hiyo ni mipya. Kwa miaka mingi kazi ya vipampu vyote hivyo ilifanywa na mdomo wa mwanamke mmoja.

Pua hadi pua

Wanamwita Mama Pumzi. Hata malipo yake yanapotoka, karani anaita jina hilo. Ni mlezi katika kituo cha watoto kilicho nyuma ya kiwanda, ambako mafundi cherehani huacha watoto wao asubuhi na kuwachukua mashine zikizimwa.

Kituo kina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha wachanga, wanaolala na kunyonya. Cha pili ni cha watembezi, wanaokimbia, kuanguka na kunyang'anyana vikombe. Kati ya vyumba hivyo kuna ukuta mzima usio na mlango. Mtembezi mwenye mafua haruhusiwi kuingia kwa wachanga hata kama dada yake mdogo yuko humo.

"Tulikuwa tunajivunia ukuta wetu," anasema Mama Pumzi. "Mgeni akija tunamwonyesha. Tunamwambia, hapa mafua hayapiti."

Yeye alikuwa anapita. Mtoto akibanwa pua katika chumba chochote, aliitwa yeye. Alimlaza mapajani, akaweka mdomo wake juu ya pua, akavuta. Alichokitoa alikitema kwenye kopo lenye majivu, akasukutua kwa maji, akafuta midomo kwa upindo wa kanga. Kisha mtoto anayefuata.

Watu wengine walichefukwa wakimwona. Mama mmoja mgeni aliwahi kukimbilia nje kutapika. Lakini mwanawe alipumua, akanyonya, akalala. Kesho yake mama huyo alirudi na kusema, "Shangazi, naomba ule uchafu wako wa jana."

"Nilidhani ukishatema, yameishia hapo," anasema Mama Pumzi, akitazama mikono yake. "Kwenye majivu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kinachobaki."

Hakujifunza kazi hiyo darasani. Binti yake wa pekee alipokuwa mchanga alizibwa pua hadi midomo ikaanza kugeuka rangi. Yeye alikuwa msichana tu, hajui la kufanya, analia pamoja na mtoto. Shangazi yake aliingia, akamnyang'anya mtoto, akavuta mara mbili na kutema dirishani.

"Mtoto akalia. Shangazi akanirudishia, akaniambia, 'Umeona? Usilie wewe, mwache alie yeye.' Tangu siku ile sikuogopa makamasi ya mtoto yeyote."

Binti huyo sasa ni msusi upande wa pili wa mji. Ana mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Mama Pumzi. Na kwa muda mrefu msimu huu, amemkataza mama yake asimguse mtoto huyo.

Mjomba Pamba

Yote yalianza na kijiti chenye pamba.

Mwanzoni mwa msimu wa baridi mtaalamu wa maabara kutoka hospitali ya watoto alifika kituoni na kisanduku cha barafu begani. Alitaka kujua mafua ya watoto yanasambaaje na ni ya aina gani. Kila wiki angeingiza kijiti katika pua ya kila mtoto, mgonjwa au mzima, kukizungusha kidogo na kukifunga kwenye kichupa. Wazazi walikubali. Walezi nao waliombwa watoe pua zao.

Watoto walimwita Mjomba Pamba, na wakimwona tu walifunika pua kwa mikono miwili. Mama Pumzi alimtania kila alipofika zamu yake.

"Mjomba, unachimba kisima kikavu. Sijapiga chafya tangu mwaka jana."

"Niache nichimbe tu, mama. Siwezi kujua kabla sijaonja."

"Uonje? Basi wewe ni mwenzangu!"

Wote walicheka. Hakuna aliyeona neno zito katika utani ule.

Kituo kizima kiliamini jambo moja: mafua ni mafua. Yanaingia, yanazunguka, yanarudi. Mtoto mmoja wa chumba cha watembezi, anayeitwa Tingatinga kwa jinsi anavyosukuma kila kilicho mbele yake, alishinda msimu mzima na makamasi yanayoning'inia. Mama yake alikata tamaa ya kuyafuta.

"Mama mkwe alikuwa ananipigia simu kila jioni," anasema mama Tingatinga, ambaye hushona mifuko ya mashati. "'Umemvalisha sweta? Umempa maji ya baridi? Mafua gani hayo yasiyoisha, au humjali mjukuu wangu?' Nikawa naona kweli mimi ni mama mbaya."

Kumrudisha nyumbani mtoto mwenye makamasi si jambo linalowezekana. Fundi asiyefika kazini halipwi siku hiyo, na akikosa mara nyingi cherehani yake hupewa mwingine. Msimamizi wa kituo, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, analisema waziwazi.

"Nikimrudisha kila mwenye makamasi, nitabaki hapa mimi na paka. Na paka mwenyewe ana chafya."

Kitambaa cheupe ukutani

Majibu yalipotoka, Mjomba Pamba aliomba kuwaeleza wazazi mwenyewe. Walikutana katika ukumbi wa chakula wa kiwanda Jumamosi baada ya kazi. Mafundi walitundika kitambaa cheupe ukutani, na juu yake mtaalamu akatupia picha kutoka kwenye kompyuta.

Ilikuwa michoro ya vyumba viwili, na ndani yake vijiduara. Kila kiduara mtoto mmoja. Kila rangi aina moja ya kirusi cha mafua.

"Mimi nilitegemea kuona rangi moja," anakumbuka Mama Pumzi. "Mafua si mafua? Nikaona kama duka la vitenge. Nikajua kijana amekosea picha."

Hakuwa amekosea. Katika vyumba vile viwili, katika msimu mmoja, walikuwa wamekuta zaidi ya aina ishirini.

Kila mtu ukumbini akasema kwa wakati mmoja.

Mjomba Pamba aliwaeleza kwamba virusi vinavyoleta mafua mengi ya kawaida ni ukoo mmoja mkubwa wenye matumbo matatu, yaani matawi, na katika matumbo hayo zimeshatambuliwa aina zaidi ya mia moja na hamsini duniani. Mwili wa mtoto ukijifunza kupigana na aina moja, hiyo aina unaifahamu. Ikija nyingine, ni mgeni kabisa, na vita inaanza upya.

Alionyesha kiduara kimoja cha chumba cha watembezi. Kilibadilika rangi picha hadi picha: njano, zambarau, kijani, hudhurungi. Hakusema ni cha nani, lakini mama Tingatinga alimtambua mwanawe.

"Huyu hakuwa na mafua yasiyoisha," alisema mtaalamu. "Alikuwa na mafua manne tofauti, moja likitoka lingine linaingia. Na hapa katikati, mawili yalikuwa ndani kwa pamoja."

Mama Tingatinga alisimama. "Kwa hiyo si sweta?"

"Si sweta, mama."

"Wala si maji ya baridi?"

"Wala."

"Baba, naomba hiyo picha. Kuna mtu nataka kumpelekea."

Kicheko kilitikisa ukumbi. Lakini mshtuko ulikuwa unaongezeka. Mjomba Pamba alionyesha vijiduara vya watoto ambao wiki ile walikuwa wazima kabisa, hawana hata tone puani. Navyo vilikuwa na rangi. Mama mmoja alimshika mwanawe kidevu na kumwangalia ndani ya pua palepale, kana kwamba angemwona mtu amejificha humo.

Halafu ikaja rangi ya bluu.

Mtaalamu alieleza kwamba kwa kusoma vinasaba vya kirusi, herufi kwa herufi, wanaweza kujua kama virusi vya watoto wawili vimetoka mahali pamoja. Wengi walimtazama bila kuelewa. Aliyemsaidia ni mshona kola mmoja mwenye sauti kubwa, ambaye kiwanda kizima kinamwita Fundi Kola.

"Ni kama jora la kitambaa," alisema. "Jora likitoka na kosa la chapa, tuseme ua limekatika jani, kila shati utakalokata hapo lina ua lililokatika jani. Hata likiuzwa mji mwingine, nikiliona nasema, wewe ni wa jora letu."

"Hivyo hivyo," alisema Mjomba Pamba, amefurahi. "Sasa tazameni bluu. Iko chumba cha wachanga. Iko chumba cha watembezi. Ina makosa yale yale ya chapa. Mtu mzima mmoja wa hapa, asiye na dalili yoyote, alikuwa nayo pia. Na jora hilo hilo tumelikuta kwa mtoto mchanga katika wodi ya hospitali yetu, alikuwa anapumulia mashine ya oksijeni. Mtoto huyo hajawahi kufika hapa. Anaishi upande wa pili wa mji. Kirusi kilipitaje ukuta, na kilifikaje huko, bado hatujajua."

"Labda kilipanda basi!" mtu alisema nyuma.

"Basi la nini?" Fundi Kola alidakia. "Kilimpanda Mama Pumzi! Si ndiye anayetembea pua hadi pua?"

Watu walicheka sana. Mama Pumzi mwenyewe alicheka.

Kisha kicheko kikaanza kukatika. Wote walikuwa wanajua kwamba wiki chache nyuma Mama Pumzi alikosa kazini. Wote walikuwa wamemchangia matunda na sabuni. Mjukuu wake alikuwa amelazwa wodi ya watoto, anapumulia mashine.

"Waliacha kucheka mmoja mmoja," anasema, "kama mashine zinavyozimwa jioni. Mwisho nikabaki nacheka peke yangu. Ndipo nikasikia nilichokuwa nakicheka."

Aliinua mkono, akashika midomo yake kwa vidole, kama mtu aliyeambiwa ana kitu kimemganda hapo.

'Mume wangu'

Mjukuu yule alizaliwa njiti, kabla siku zake hazijatimia. Alipotoka hospitalini mara ya kwanza alikuwa mkubwa kidogo tu kuliko pakiti ya sukari. Bibi yake alimpa cheo siku ile ile: mume wangu. Kituo kizima kilimuuliza kila asubuhi, "Mume wako ameamkaje?" naye akajibu, "Ananidharau, hajanitumia hata salamu."

Jumapili moja alikwenda kumwona. Mtoto alikuwa amebanwa kidogo. Hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alimlaza mapajani, akamvuta, akamrudisha kifuani kwa mama yake.

"Na alinyonya," anasema Mama Pumzi. "Alinyonya vizuri mno. Niliondoka pale nimejaa furaha."

Siku chache baadaye mbavu za mtoto zilianza kuingia ndani kila anapovuta hewa.

Bibi na binti walikaa wodini kwa zamu. Bibi ndiye aliyekuwa akimwambia binti ale, alale, asikate tamaa. Mtoto alipona. Wakarudi nyumbani wakiamini kwamba baya limekuja lenyewe na kuondoka lenyewe.

Baada ya mkutano ule, Mama Pumzi alipanga kwenda kumwambia binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. Alichelewa. Habari ilishafika saluni, imekaa kwenye kiti na kuomba kusukwa.

"Alinipigia simu," anasema. "Hakunisalimia. Mwanangu huyu hajawahi kunipigia bila shikamoo. Akasema, 'Mama, nimesikia nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Mteja! Ni kweli au si kweli?' Nikamwambia, wanasema ni jora moja. Akasema, 'Jora gani? Mimi nakuuliza kuhusu mwanangu.'"

Binti huyo hafichi alichokisikia moyoni siku ile. Katika saluni yake ndogo yenye viti vitatu na kioo kilichopasuka pembeni, anasuka huku akiongea, na vidole havisimami.

"Simwogopi mama. Naogopa mdomo wake," anasema. "Watu wanasema namkosea adabu. Hawakuziona zile mbavu. Nikifumba macho naziona. Na mimi ndiye niliyempa mtoto, nikamwambia, mama mvute, nikageuka kukunja nguo. Kwa hiyo nisimlaumu yeye peke yake. Lakini nikisema aje, mkono unakataa kufungua mlango."

Anakaza msuko, mteja anatoa sauti ya maumivu. "Pole, dada," anasema. "Nilikuwa mbali."

Mjomba Pamba naye bado hajatulia. Anasema hakujua kwamba mtoto wa wodini na mlezi wa kituoni ni mtu na bibi yake. Kwenye vichupa vyake hakuna majina. Angejua, asingeionyesha picha ile mbele ya watu.

"Na watu wanaelewa zaidi ya nilichosema," anaeleza. "Vinasaba vinaniambia hivi vyote ni vya jora moja. Haviniambii nani alibeba nguo kutoka huku kwenda kule. Yule mtoto alitembelewa na wengi. Mama yake anashika vichwa vya watu kutwa nzima. Inawezekana ni njia nyingine. Nilimweleza Mama Pumzi hivyo mara nyingi."

Mama Pumzi anakiri alielezwa.

"Ni kijana mzuri. Amekuja hadi nyumbani kuniambia labda. Lakini yeye ana labda zake nyingi. Mimi nina mdomo mmoja, na najua ulikuwa wapi."

Kipampu na unyoya

Wiki iliyofuata mkutano alivua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya msimamizi.

"Unanipa nguo chafu nikufulie?" aliuliza msimamizi.

"Naondoka."

"Uende wapi? Nani mwingine hapa anajua yupi analia njaa na yupi analia uongo? Chukua aproni yako. Tutaacha kuvuta, hatutaacha kulea."

Mama mmoja alimwondoa mwanawe kituoni. Wengine walikaa, na kati ya waliokaa wapo wanaomwendea kwa siri mpaka leo, kama yule mama wa asubuhi, wakimwomba arudie mara moja tu. Hilo, anasema, linamshtua kuliko picha ya rangi.

"Wameona kila kitu. Wamesikia yaliyompata mume wangu. Halafu mtoto akibanwa pua, huku cherehani inamsubiri, mama anasahau yote. Nami siwezi kumcheka, maana ndivyo nilivyokuwa."

Zahanati iliwapa vipampu na kuwafundisha kutengeneza maji ya chumvi. Walezi sasa hunawa mikono kila wanapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Madirisha yanafunguliwa hata kukiwa na baridi. Vikombe vya watembezi vinachemshwa. Mafua hayajaisha, na Mjomba Pamba amewaambia wasitegemee yataisha.

Jambo ambalo Mama Pumzi amelibuni mwenyewe ni somo la kupenga. Aligundua kwamba watembezi wengi hawajui kupenga kamasi; ukiwaambia wapenge, wanavuta ndani. Akaokota unyoya wa kuku, akauweka mezani, akawaambia wausukume kwa pua, midomo ikiwa imefungwa. Somo lilifana, watoto walijikunja kwa kucheka, hadi Mjomba Pamba alipoingia na kuona meza jinsi ilivyolowa.

"Alishika kichwa," anasema Mama Pumzi, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Akaniambia, mama, umefungua kiwanda kingine! Sasa kila mtoto ana unyoya wake na kitambaa chake, na anapenga akiwa ameelekea dirishani. Tingatinga ndiye bingwa. Wake ulitoka nje ukaenda kutua kwa mlinzi."

Simu inaita. Iko juu ya rafu, na mikono yake imelowa, kwa hiyo anabonyeza kitufe cha kipaza sauti kwa kiwiko.

"Mama." Ni binti yake. Nyuma ya sauti yake kuna mkoromo mdogo, mzito.

"Nakusikia. Na huyo mwenzako namsikia pia. Amebanwa."

"Hanyonyi. Kile kipampu ulichomtuma dereva wa basi aniletee ninacho hapa, lakini naogopa nitamtoboa."

"Humtoboi. Mlaze mapajani, kichwa kwenye magoti. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Yanasikika maji, kisha kiti kinavutwa.

"Tone moja kila upande. Subiri. Usifanye haraka kama unamsuka bibi harusi."

"Mama, si wakati wa utani huu."

"Ndio wakati wake, umeshaogopa. Sasa kibinye kipampu kwanza, ndipo uingize. Kwanza, usikie. Halafu kiachie polepole."

Mama Pumzi amefumba macho. Midomo yake imejikunja yenyewe na inavuta hewa tupu.

Ukelele mkali unapasua simu.

"Analia! Mama, nimemuumiza?"

"Mwache alie. Anayelia hivyo anapumua. Usilie wewe."

Ukelele unapungua, unakuwa kwikwi, unakatika. Kisha inasikika sauti ndogo ya kumeza, nyingine, na nyingine.

"Ameshika," binti anasema. "Haachii."

"Basi. Kipampu kioshe kwa maji ya moto."

"Mama." Anasita. "Jumapili una kazi gani?"

"Kazi yangu unaijua. Nakaa."

"Njoo, basi. Huyu mume wako ameanza kuchekea wanawake wengine."

Mama Pumzi anashika ukingo wa rafu. "Nije na barakoa?"

"Njoo nayo. Uje umbebe, mimi nilale. Shikamoo, mama. Niliisahau."

"Marahaba, mwanangu."

Simu inakatika. Anaitazama kwa muda kabla ya kufuta macho kwa mkono wa blauzi, kwa sababu viganja vimeshaoshwa na hataki kuvichafua.

"Siendi kumbusu," anasema. "Nitambeba tu, uso wangu nikiugeuzia pembeni. Atakua. Atapata mafua, na mengine, na mengine, yule kijana anasema rangi bado ni nyingi. Lakini iko siku nitamshikia kitambaa nimwambie, haya mume wangu, funga mdomo, penga. Apenge mwenyewe, kwa nguvu zake. Siku hiyo ndiyo naisubiri."

Nyuma ya ukuta mtu anapiga chafya kubwa, na vikombe vinaanguka.

"Tingatinga," anasema Mama Pumzi bila kwenda kuhakikisha, na anageuka kwenye beseni kunawa mikono tena.